Nyumba ya Arusi Isiyo na Dufu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewaumbia waja wake wenzi wa kutulizana nao, akatia baina yao mapenzi na huruma. Na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyeoa na kuoza, akahudhuria karamu za arusi, na dufu likapigwa mbele yake asilikataze.

Ama baada ya hayo. Katika darsa zetu za miezi hii tumekuwa tukisoma mlango wa nikahi, na tulikuwa tumenuia kuandika juu ya mahari. Lakini imetufikia barua iliyotulazimisha kuiweka khabari ya mahari kando mpaka nafasi nyingine. Aliyeiandika ni ndugu yetu, mzaliwa wa huku pwani, ambaye riziki imempeleka bara, naye sasa akaa Kabuchai, katika kaunti ya Bungoma, upande wa soko la Chwele, mahali palipo mbali nasi zaidi ya kilomita 800. Asidhani msomaji kuwa kwa umbali huo Uislamu ni mgeni katika pande zile. Misafara ya wafanyi biashara wa pwani ilikuwa ikitua Mumias, kwa watawala wa Wawanga, tangu karne ya 19, na misikiti ya huko ina historia yake. Lakini Kabuchai yenyewe ni nchi ya Wabukusu, na wengi wao ni Wakristo. Waislamu wako nyumba moja hapa, nyingine kule, na kila wafanyalo hutazamwa na majirani kama kwamba ndiyo dini yenyewe.

Ndugu yetu asema hivi, nasi twaifupisha barua yake. Mwaka uliopita alimwoza binti yake mkubwa kwa kijana wa Kibukusu aliyesilimu, mtu wa dini na mwenye kazi yake. Kabla ya arusi walimjia vijana wa msikiti, wakamwambia kwamba kila wimbo na kila ngoma katika arusi ni haramu, na kwamba nyumba itakayosikika dufu haiingiwi na malaika. Ndugu yetu si mtu aliyesoma sana, akaogopa. Akawakataza wanawake vugo, akawakataza mabinti matari, hata vigelegele akavizuia. Nikahi ikasomwa, wageni wakala pilau kimya kimya kama watu wanaongoja kuitwa mahakamani, na kabla ya Isha uwanja ulikuwa mtupu. Wakwe zake, ambao walikuwa hawajaona arusi ya Kiislamu maishani mwao, walimwita kando kwa adabu wakamuuliza kama kuna mtu aliyefariki katika jamaa na khabari zake zafichwa.

Na usiku ule ule wapwa zake wawili, wasichana wa miaka 15 na 16, hawakuonekana vitandani mwao. Walikutwa alfajiri wakirudi kutoka kwenye disko matanga, ng'ambo ya pili ya mto.

Yawapasa ndugu zetu wa pwani kufahamishwa neno hili, maana huku kwetu halijaenea, na Mungu atuepushe nalo. Katika kaunti za magharibi mwa Kenya, mtu akifa, huletwa mitambo ya muziki penye msiba, na watu hucheza usiku kucha, wengine kwa hoja kwamba pesa zitolewazo ni za kusaidia mazishi. Vijana hutoka vijiji vya mbali wakakusanyika gizani. Wakuu wa serikali wamezipiga marufuku disko hizi mara nyingi, kwa kuwa wasichana wengi wamedhuriwa huko, na wengine wamerudi na mimba wakaacha shule. Zapigwa marufuku leo, kesho zasikika tena. Basi tazameni mambo yalivyogeuka. Palipo na maiti pana ngoma mpaka asubuhi, na palipo na bibi arusi pana kimya cha makaburini.

Sasa binti wa pili wa ndugu yetu aolewa baada ya mfungo, na nyumba imegawanyika mafungu matatu. Dada mkubwa wa mkewe ataka iletwe bendi kutoka mjini, na vipaza sauti vikubwa, ili kuifuta aibu ya mwaka jana. Vijana wa msikiti wataka kimya kama kile cha kwanza. Na wakwe wale wa Kibukusu, kwa mapenzi yao, wamesema safari hii watakuja na mpiga litungu wao ili wasije tena wakadhani pana msiba. Ndugu yetu atuuliza ni nani mwenye haki.

Jawabu letu twaanza na jambo ambalo vijana wale walilisahau, nalo ni kwamba dini haikuikubali furaha ya arusi kwa shingo upande. Dini imeitaka. Amepokea Bukhari kwamba Bibi Aisha (r.a.) alimpeleka bibi arusi kwa mumewe, mtu wa Kiansari, na Mtume (s.a.w.) akamuuliza kama hawakuwa na mchezo wowote, kwa kuwa Ansari ni watu wapendao mchezo. Ndugu zetu, izingatieni hadithi hii vizuri. Mtume hakuuliza kama palikuwa na mchezo ili aukemee; aliuliza kwa sababu hakuusikia. Na sababu aliyoitaja ni tabia ya watu wa mji ule. Ansari walikuwa na desturi yao ya kufurahi, naye hakutaka binti aingie katika nyumba yao kama mtu aliyeingizwa kwa siri.

Kisha kuna hadithi ya Rubayyi bint Muawwidh (r.a.), nayo pia ni katika Bukhari. Asubuhi ya arusi yake Mtume (s.a.w.) aliingia kwake akaketi, na wasichana walikuwa wakipiga dufu na kuwataja kwa sifa wazee wao waliouawa siku ya Badri. Mmoja wao akatia neno kwamba miongoni mwetu yuko Mtume ajuaye yatakayokuwa kesho. Mtume akamwambia aliache hilo, na aendelee na yale aliyokuwa akiyasema. Twapenda kila mzazi na kila mwalimu wa madrasa aisome hadithi hii mara tatu. Lilikuwako kosa, tena si dogo, kwani elimu ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Lau Mtume angetaka sababu ya kuyavunja madufu yote ya Madina, hii ingalitosha. Lakini alilitoa neno moja lililoharibika, akauacha wimbo, akaliacha dufu, akawaacha wasichana katika furaha yao. Hivi ndivyo alivyofundisha. Vijana wetu wa leo wakisikia neno moja baya katika nyimbo mia, huufunga uwanja.

Na katika Tirmidhi na Nasai, kutoka kwa Muhammad bin Hatib, Mtume (s.a.w.) amelifanya dufu na sauti katika nikahi kuwa ndivyo vinavyotenganisha halali na haramu. Maana ya hayo ni wazi kwa mtu aishiye na watu. Zinaa hutafuta kimya. Mwanamume na mwanamke wasiooana hawapigi dufu. Hufunga mlango na kuomba pasitokee atakayejua. Ndoa ni kinyume cha hayo, yatakiwa kusikika mpaka kwa jirani wa saba. Imam Malik hata ameona kwamba ndoa ambayo mashahidi wake wameusiwa waifiche haifai. Sisi katika madhehebu yetu ya Shafi hatufiki hapo, mashahidi wawili wakikamilika nikahi imesihi. Lakini kusihi ni jambo moja na kutimiza sunna ni jambo jingine. Mtu ambaye wakwe zake wametoka arusini wakidhani pana msiba, nikahi ya binti yake imesihi bila shaka, na kutangazwa hakukutimia.

Sasa tuwape vijana haki yao, kwani hatusemi kwamba hawana hoja. Ipo hadithi katika Bukhari, kutoka kwa Abu Malik al-Ashari au Abu Amir, inayowalaumu watu watakaozihalalisha ala za muziki pamoja na zinaa, hariri na ulevi. Ipo aya ya sura ya Luqman juu ya maneno ya upuuzi, ambayo Ibn Masud (r.a.) aliifasiri kuwa ni kuimba. Kwa hoja hizi na nyinginezo wanazuoni wengi wa madhehebu manne wameziharimisha ala za nyuzi na filimbi. Imam Nawawi, ambaye kitabu chake cha Minhaj kimesomeshwa pwani hii vizazi kwa vizazi, amezitaja miongoni mwa zilizokatazwa tamburi, udi, matoazi na zumari ya Kiiraqi, na pia kuba, nayo ni ngoma ndefu iliyobinywa kiunoni. Lakini Nawawi huyo huyo, katika mlango ule ule, amelijuzisha dufu katika arusi na katika tohara, hata likiwa na njuga. Basi kijana aliyesema kila ngoma ni haramu kwa madhehebu ya Shafi hakuisoma Minhaj, au aliisoma akaruka mstari.

Na ile khabari ya malaika, hadithi sahihi ya malaika wasioingia nyumbani yataja mbwa na picha. Nyingine katika Muslim yataja msafara wenye mbwa au kengele. Dufu la arusi halimo. Mtu asimwekee Mtume maneno kinywani kwa sababu ya ghera yake.

Wako pia waliokwenda mbali zaidi katika kuruhusu. Ibn Hazm wa Andalusi aliiona ile hadithi ya ala za muziki kuwa isnadi yake imekatika, akazihalalisha. Ghazali katika Ihya amefungua mlango mrefu wa kusikiliza, akapambanua mambo kwa upole ambao wengi wamnukuuo hawana. Na katika zama za karibu, Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa al-Azhar kuanzia 1958 mpaka alipofariki 1963, na baada yake Sheikh Yusuf al-Qaradawi, wote wawili wameuruhusu muziki kwa masharti. Sisi katika nyumba zetu twabaki na madhehebu tuliyosomeshwa, dufu na sauti ya mtu, na nyuzi twaziepuka. Lakini hatumwiti mwenzetu fasiki kwa jambo ambalo wakubwa hawa wamekhitalifiana. Kijana akitaka kulaumu na alaumu ulevi, maana huo haukukhitalifiwa, na katika arusi za siku hizi hata zetu za pwani chupa imeanza kupita nyuma ya nyumba na wote twajifanya hatuioni.

Twaja kwa dada mkubwa na bendi yake. Yeye twamfahamu zaidi kuliko vijana, kwa kuwa moyo wake ni wa mama aliyeaibika mbele ya wakwe. Lakini dawa aitakayo ni kali kuliko ugonjwa. Bendi ya mjini na mitambo yake haiji kwa bei ndogo, na ndugu yetu ameandika kwamba pesa zingetoka kwa mkopo. Mtu akope ili watu wafurahi saa nne, kisha alipe miaka miwili hali watoto wake wasitirika kwa tabu! Mwenyezi Mungu amewaita wenye kufuja mali ndugu wa mashetani, na hakuwatoa katika wito huo wafujao kwa ajili ya arusi. Na Mtume (s.a.w.) alipomwambia Abdurrahman bin Auf afanye walima, alimtajia mbuzi au kondoo mmoja, na Abdurrahman alikuwa mtu wa kuinukia katika biashara.

Jambo hili si jipya katika pwani yetu. Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 mpaka kufa kwake 1947, alipoanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na la al-Islah mwaka 1932, miongoni mwa aliyoyapigia kelele ni ufujaji katika arusi na ngoma za mashindano. Wazee wa Mombasa wakumbuka vyama vya lelemama kama Kingi na Skochi, namna vilivyokuwa vikishindana kwa mavazi na vyakula, kila kimoja kikitaka kukizidi kingine. Sheikh hakuona ubaya kwamba wanawake wamefurahi. Ubaya ni kwamba furaha iligeuzwa vita, na gharama za vita zikatoka katika haki za watoto. Leo lelemama imekwisha au yakaribia kwisha, lakini vita vile vimehamia kwenye mahema, mapambo ya ukumbi na wapiga video.

Na maneno ya nyimbo pia yazingatiwe. Taarabu ni mali ya pwani hii. Tangu Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika sahani za santuri, hakuna mji wa Waswahili ambao haukuisikia. Lakini taarabu ya kisasa iliyoenea kuanzia miaka ya 1990 imeingiza mipasho, na mipasho imeingia arusini. Twawaona wanawake wenye heshima zao wakiinuka kwenda kumtunza mwimbaji pale tu lifikapo neno la kumchoma jirani, noti mkononi na jicho kwa yule aliyekusudiwa. Arusi iliyokuwa ya kuunganisha nyumba mbili yatoka na nyumba nne hazisemezani. Katika nyimbo hizi twasema wazi kwamba haramu yake haihitaji kitabu cha muziki. Ni kusengenya na kudhalilisha watu, na kungekuwa haramu hata kama kungesomwa kwa sauti ya tajwidi.

Basi dada yetu mpenzi wa bendi aelezwe kwa upole haya. Kama ni aibu ya mwaka jana, si vipaza sauti vitakavyoiondoa. Watu wa Kabuchai wamezoea vipaza sauti. Kila Ijumaa usiku wavisikia msibani. Wao walitaka kuona Waislamu hufurahi vipi, na hilo halinunuliwi mjini.

Limebaki la litungu, nalo ndilo lililotuchukua muda mrefu katika darsa, maana wanafunzi wetu waligawanyika. Kwa asiyelijua, litungu ni chombo cha Wabukusu chenye nyuzi saba zilizotandwa juu ya bakuli la mti lililovikwa ngozi, na mpigaji huimba huku akiwataja wenyeji na nasaba zao na kuwausia. Ni chombo cha heshima kwao. Kumletea mtu mpiga litungu ni kumwambia kwamba umemhesabu katika watu. Kwa madhehebu yetu nyuzi ni nyuzi, ziwe za Baghdadi au za Bungoma. Ndugu yetu asimwalike mpigaji huyo kwa pesa zake wala asiliweke litungu katika mpango wa arusi yake. Hapa hatuna shaka.

Lakini wakwe si watu wa madhehebu yetu. Wengine wao hawajawa hata watu wa dini yetu. Walikuja mara ya kwanza wakakuta kimya, wakaondoka na huzuni. Sasa wataka kuja na zawadi. Je, wapokewe kwa kupokonywa chombo mlangoni? Katika hadithi ya Wahabeshi waliocheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti wa Mtume siku ya idi, Sayyidna Umar (r.a.) aliinama kuokota changarawe awarushie, Mtume (s.a.w.) akamwambia awaache. Mchezo ule ulikuwa wa kwao, nao walikuwa wageni wenye kufurahi pamoja na Waislamu. Hatusemi kwamba mkuki ni sawa na uzi katika hukumu. Twasema kwamba Umar, pamoja na ukubwa wake, alifundishwa subira kwa watu waliokuja na furaha yao.

Kwa hivyo rai yetu ni hii. Ndugu yetu aende mwenyewe kwa mkwe wake mzee kabla ya arusi, asitume mtoto. Amshukuru, amweleze kwamba katika nyumba yake ngoma ya arusi ni dufu na sauti, na amwombe ya kwamba siku watakapompeleka binti kumwamkia kwao, kwenye uwanja wao, mpigaji wao awape heshima kwa desturi yao. Na ule ni uwanja wao, si wake. Siku ya arusi mzee yule apewe nafasi ya kusimama awasifu jamaa na kuwausia maarusi kwa ulimi wake na kwa Kibukusu chake, maana kutaja mema ya wazee ndiyo kazi ya wale wasichana wa Rubayyi. Pasiombwe mwingine asiyekuwa Mwenyezi Mungu, na hili pia aelezwe mapema, kwa faragha. Na ikitokea pamoja na hayo yote mzee mmoja amelitoa litungu lake uwanjani kwa furaha, asiinuke kijana kumnyang'anya. Kijana huyo atakuwa ameondoa karaha moja, na kuleta badala yake chuki ya ukoo mzima kwa Uislamu, na mwana wao aliyesilimu ndiye atakayeulipa ukali huo maisha yake yote.

Sasa wale wasichana wawili. Barua yasema walichapwa, na tangu siku ile mmoja wao hasemi na mjomba wake. Hatuwezi kuhalalisha walilolifanya. Kutoka usiku bila idhini kwenda mahali kama pale ni maasi na ni khatari kwa roho zao. Lakini twauliza: nani mwingine aliyewapa mahali pa kufurahi? Wabukusu huwatahiri wavulana wao mwezi wa Agosti kila mwaka wa shufwa, kama 2022 na 2024, na kwa wiki nyingi nchi nzima huwa ni njuga na nyimbo barabarani. Watoto wetu wapita katikati ya hayo wakienda chuoni. Krismasi ikifika kanisa la jirani huwa na kwaya. Mtoto wa Kiislamu alingoja arusi ya binamu yake, akashona nguo, akasukwa nywele, na ilipofika akaambiwa akae kimya. Nafsi ya kijana haina mlango mmoja; ukiufunga huu atautafuta ule. Sheria ya Mungu yajua hilo, na ndiyo maana Abu Bakr (r.a.) alipowakemea wale vijana wa kike waliokuwa wakiimba nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya idi, Mtume (s.a.w.) alimwambia awaache, kwa kuwa kila kaumu ina sikukuu yake. Waliokuwa wakiimba walikuwa wasichana wadogo, na aliyewatetea ni Mtume mwenyewe, mbele ya mtu mbora wa umma wake.

Mjomba na afanye suluhu na mpwa wake kabla ya arusi. Ampe dufu alishike yeye.

Ama namna ya mambo yatakavyokwenda, tumemwandikia ndugu yetu kama hivi, nasi twayachapa hapa kwa kuwa wengine pia walioko bara watayahitaji. Nikahi isomwe baada ya Alasiri, na walioalikwa wawe matajiri na maskini pamoja, kwani Mtume (s.a.w.) amekihesabu chakula kibaya kabisa kuwa ni kile cha walima inayoalikwa wenye mali na kuachwa wahitaji. Majirani Wakristo waitwe wote. Wanawake wawe na ua wao na wanaume uwanja wao. Katika ua wa wanawake papigwe matari na vugo. Ile ya pembe na kijiti twaihesabu pamoja na dufu, na nyimbo zake za zamani zimejaa nasaha kwa bibi arusi ambazo kungwi huzirudia chumbani. Wanaume, kama wako wawezao kirumbizi, na wacheze kwa fimbo kama wazee wao wa Lamu na Mombasa walivyocheza, na wale vijana wa msikiti waitwe kushika fimbo. Twadhani watakubali, ghera yao yahitaji kazi. Adhana ya Magharibi ikisikika kila kitu kisimame, watu waswali jamaa pale pale uwanjani na majirani waone, kisha warudi. Saa nne za usiku pawe pamenyamaza, maana jirani ana mgonjwa, na mwingine ataamka kwenda shamba.

Shida ni kwamba Kabuchai hakuna wanawake wazijuao nyimbo za vugo. Mumias huenda wakapatikana wachache. Kwa hiyo tumewaomba mama zetu wawili wa hapa, ambao kila mtu mtaani awajua kwa sauti zao, nao wamekubali kupanda basi wiki moja kabla ya arusi wakawasomeshe mabinti wa huko. Nauli yao, kwenda na kurudi, imechangwa na wanadarsa, na kwa vyovyote haifiki bei ya kipaza sauti kimoja. Watachukua pembe zao, na pamoja nazo matari manne yaliyokuwa juu ya kabati la darsa. Ndugu yetu aangalie tu kwamba nchi ile ni ya baridi na mvua, na ngozi hulegea. Kabla ya kupigwa yaoteshwe moto wa makaa kidogo, kwa mbali, mpaka yalie.